Mwenye Nyumba na Wapangaji Wake: Nafasi Yao Katika Mipango Miji

Mada yangu ni nyumba ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaifahamu. Mwenye nyumba anaishi chumba cha mbele, wapangaji wako katika vyumba vilivyobaki, na wote wanakutana uani. Nyumba hii imewahifadhi wakazi wa jiji kwa takribani miaka mia moja. Lakini ukifungua hati ya kiwanja, ramani ya mipango miji au fomu ya kibali cha ujenzi, humkuti mwenye nyumba huyo wala wapangaji wake. Unakuta kiwanja, ujazo na matumizi. Hoja nitakayoitetea ni moja: mipango miji yetu iitambue nyumba ya mwenye nyumba anayeishi na wapangaji kuwa aina halali ya makazi ya mjini, iliyo na masharti yake yenyewe, na masharti hayo yatokane na uwezo wa kiwanja, yaani maji taka, hewa, njia na uimara wa jengo. Hadhi ya mtaa isiwe kipimo, wala idadi ya familia zinazopika katika ua mmoja isiwe kosa.

Tuanze na nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, na ndugu yake wa Majengo kule Mombasa, ina korido katikati na kwa kawaida vyumba vitatu kila upande. Mbele kuna baraza, nyuma kuna ua. Uani kuna jiko, bafu na choo, na mara nyingi limeongezwa banda la vyumba viwili au vitatu. Mpango huu una hesabu ndani yake. Mwenye nyumba anajenga kwa fedha za kuungaunga: mwaka huu msingi, mwakani kuta, bati zinafuata mfuko ukiruhusu. Chumba cha kwanza kikipata mlango, kinapangishwa, na kodi yake inapiga lipu chumba cha pili. Benki haikumkopesha kwa sababu hakuwa na mshahara wa kuonyesha, hivyo wapangaji wake ndio waliokuwa benki yake. Upande wa pili, mama lishe, fundi cherehani, mwanafunzi wa chuo na dereva wa bodaboda wanapata chumba karibu na kazi, kwa kodi wanayoweza kuibeba. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likajenga mengi ya kujivunia, lakini halikuweza kamwe kulifikia hitaji la jiji lililohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu kubwa na vyumba vya kupanga. Mwenye nyumba huyu amekuwa akitekeleza sera ya makazi bila kuandikwa katika sera hiyo.

Kwa nini basi hakuandikwa? Jibu liko katika historia ya kugawa mji kwa kanda. Mwaka 1891 jiji la Frankfurt nchini Ujerumani lilipitisha kanuni za ujenzi zilizogawa mji katika kanda, kila kanda na aina yake ya majengo na msongamano wake. Mwaka huohuo utawala wa Kijerumani ulitoa kanuni ya ujenzi kwa Dar es Salaam, iliyotaka majengo ya mtindo wa Ulaya upande wa mashariki, karibu na bahari. Frankfurt ilitumia kanda kupima hewa, mwanga na msongamano wa viwanda na makazi. Dar es Salaam ilitumia chombo kilekile kuamua nani atakaa wapi. Karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipima mtaa wa Waafrika nyuma ya eneo la biashara, kwa njia zilizonyooka, na huo ndio mtaa ambao baada ya vita tuliuita Kariakoo. Kati yake na mji wa biashara iliachwa nafasi wazi, ambayo leo ni viwanja vya Mnazi Mmoja.

Waingereza walipokuja na mamlaka ya udhamini, walikutana na kikwazo cha kisheria: mamlaka hayo yaliwazuia kubagua waziwazi raia wa nchi wanachama wa Shirikisho la Mataifa, wakiwemo Wahindi. Wakapata njia ya kuzunguka. Kanda tatu hazikutajwa kwa rangi za watu, zilitajwa kwa aina za majengo. Kanda ya kwanza ilitaka nyumba ya mtindo wa Ulaya katika uwanja mpana, ya pili jengo imara la duka na makazi, ya tatu iliruhusu nyumba ya miti, udongo na makuti. Watu waliziita kwa majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mpango mkuu wa mwaka 1949 ukaendeleza mgawanyo huo kwa lugha ya ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa. Uhuru ulifuta ubaguzi wa rangi, lakini lugha ya ujazo ilibaki ofisini, nayo ikabeba hukumu ya zamani kwamba viwanja vikubwa vyenye familia moja ndiyo makazi kamili, na nyumba yenye familia sita ni hali ya muda itakayoondoka maendeleo yakifika. Simlaumu afisa mipango miji wa leo. Ninachosema ni kwamba amerithi kipimo kilichotengenezwa kwa kazi nyingine.

Tazama sasa sheria zilizopo. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inaweka utaratibu wa kubadili matumizi ya ardhi iliyomilikishwa, na Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, inataka mtu apate ridhaa ya mamlaka ya upangaji kabla ya kuendeleza kiwanja. Ni sheria zenye shabaha nzuri, na hazimkatazi mtu kupangisha chumba. Tatizo lake ni ukimya. Chukua mwenye kiwanja cha makazi pale Sinza mwenye nyumba ya vyumba vinne, anayetaka kuongeza banda la vyumba vitatu uani na fremu moja ya duka mbele. Je, banda hilo bado ni makazi yaliyotajwa katika hati yake? Fremu ni wazi kwamba inagusa matumizi mengine, lakini vyumba vitatu vya wapangaji ni makazi au ni biashara? Akijenga ghorofa moja na kuigawa sehemu mbili zenye milango yake, anahitaji ridhaa mpya au ramani ya nyongeza tu? Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamsaidia akitaka kuuza sehemu moja na kubaki na nyingine, lakini haimjibu anayetaka kubaki na zote na kupangisha. Pale ambapo sheria imenyamaza, jibu linatolewa na afisa aliyeko mezani siku hiyo, na maafisa wawili wanaweza kutoa majibu mawili. Wengi wanaamua kujenga usiku na mwisho wa wiki, kisha wanasubiri kuona kama alama ya X nyekundu, ya kubomolewa, itachorwa ukutani.

Ushahidi kwamba kutambuliwa kunaleta nafuu tunao nyumbani. Mwaka 1972 serikali ilibadili msimamo wake kuhusu makazi yaliyojengwa bila kupimwa: badala ya kuyabomoa, iliamua kuyaboresha. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia 1974 Manzese iliwekewa barabara, maji na mifereji bila kuwafukuza wakazi, huku Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vikipimwa viwanja vyenye huduma. Wenye nyumba wa Manzese walipojua kwamba hawatabomolewa, walivua bati kuukuu wakaezeka upya, wakabadili kuta za udongo kwa matofali ya saruji, na vyumba vya kupanga vikaongezeka. Kenya nayo, katika mradi wa Dandora ulioanza Nairobi mwaka 1975 ukiwa na viwanja vipatavyo 6,000, ilikwenda hatua moja mbele. Waliogawiwa viwanja walitarajiwa waziwazi kujenga vyumba vya ziada na kupangisha, ili kodi iwasaidie kurejesha mkopo. Huko mpangaji aliingizwa katika hesabu ya mpango tangu siku ya kwanza.

Linganisha na mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002. Mradi ulipima viwanja vingi kuliko lengo lake, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini vingi vilikuwa pembezoni mwa jiji, vikubwa, na bei yake ililingana na mtu mwenye mshahara. Vilipangwa kwa ajili ya familia moja yenye gari. Mpangaji wa chumba kimoja hakufikiriwa, hivyo alibaki Tandale, Buguruni na Mbagala, kwenye mitaa ambayo haikupimwa kwa sababu huko ndiko alikopata chumba. Kiwanja kinachopimwa bila nafasi ya mpangaji hakimwondoi mpangaji mjini. Kinamsukuma aende mahali pasipopimwa.

Yapo mapingamizi, na lenye uzito kuliko yote ni la choo. Nyumba moja yenye familia sita ina shimo moja la choo, na mitaa mingi ya jiji haina bomba la maji taka. Shimo likijaa na gari la kunyonya maji taka lisiweze kupita kwenye kichochoro, mvua kubwa ikinyesha wapo wanaotapisha choo: wanatoboa ukuta wa shimo ili maji machafu yachukuliwe na mafuriko. Kisima cha jirani kinapokea. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika jiji hili kwa njia kama hiyo. Anayepinga wapangaji kwa hoja hii anasema kweli kuhusu hatari, ila anakosea kuhusu dawa. Mamlaka ikikataza vyumba vya kupanga, vyumba vitaendelea kuwepo na choo kitabaki kimoja, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kuomba kibali cha choo cha wapangaji ambao rasmi hawapo. Akitambuliwa, anaweza kubanwa: idadi fulani ya watu kwa kila tundu la choo, shimo linaloweza kufikiwa na gari au mashine ya kunyonyea, umbali kutoka kisimani, na ukaguzi wa afisa afya kabla ya kuongeza chumba. Sharti la choo linaweza kutekelezwa kwa nyumba iliyoandikishwa. Kwa nyumba iliyofichwa halitekelezeki.

Pingamizi la pili linatoka Nairobi, na nitalijibu kwa uzito wake. Dandora niliyoitaja, pamoja na mitaa mingine ya mashariki ya jiji lile, leo ina majengo ya ghorofa nyingi yaliyojaa vyumba vya mpangaji mmoja mmoja, na wengi wa wenye viwanja wa awali hawaishi tena hapo. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Lilikuwa limejengwa karibu na mto, bila idhini, na lilikwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Mtu anaweza kusema: huo ndio mwisho wa kuruhusu vyumba vya kupanga. Mimi nasema tuangalie kilichobadilika kati ya Dandora ya 1975 na majengo hayo. Mwenye nyumba aliondoka. Jengo likawa mradi wa mtu anayekaa mbali, ambaye ufa wa ukuta hauko juu ya kitanda chake na harufu ya choo haifiki mezani kwake. Pia urefu uliongezeka bila mhandisi. Kwa hiyo mstari wa sheria uchorwe hapo: nyumba ya chini ambayo mwenyewe anaishi ipate utaratibu mwepesi na wa bei nafuu, na jengo la ghorofa, au nyumba ambayo mwenyewe haishi, lifuate masharti kamili ya biashara ya kupangisha, pamoja na hesabu za mhandisi na ukaguzi wa kila mara. Kuwepo kwa mwenye nyumba ni aina ya ulinzi ambayo sheria inaweza kuitumia bila gharama.

Wengine watauliza: nani atathibitisha kwamba mwenye nyumba anaishi humo? Si jambo geni katika sheria zetu. Mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, iliiacha nyumba ambayo mwenyewe alikaa na familia yake. Mkaaji na mpangishaji wa mbali walitenganishwa kwa sheria zaidi ya nusu karne iliyopita, tena katika suala zito la kunyang'anywa mali. Na leo tuna nyenzo ambazo wakati ule hazikuwepo. Ofisi ya serikali ya mtaa inajua nani analala wapi. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia umeme wa malipo ya kabla (LUKU), maana yake dola imekubali kwamba mita inaweza kuwakilisha nyumba. Kama tunaweza kuitambua nyumba ili kuitoza, tunaweza kuitambua pia ili kuihudumia. Na hapa pana dosari ya haki inayopaswa kurekebishwa: katika nyumba ya mita moja, anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na ndiye anayekatwa kodi ya jengo lisilo lake. Nyumba ikiandikishwa kuwa ya mwenye nyumba na wapangaji, makato hayo yatajulikana ni deni la nani.

Pingamizi la tatu linasemwa kwa sauti ya chini zaidi: wapangaji wataharibu hadhi ya mtaa, bei za nyumba zitashuka, magari na kelele vitazidi. Hoja hii imezunguka dunia. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kijiji cha Euclid, Ohio, ilikubali kwamba mji una haki ya kutenga mitaa ya nyumba za familia moja na kuzuia majengo ya wapangaji humo. Miji mingi ya nchi ile ilifuata njia hiyo, na matokeo yake yalikuwa uhaba wa nyumba na kodi zisizoshikika. Mwaka 2018 baraza la jiji la Minneapolis lilipitisha mpango unaoruhusu hadi makazi matatu katika kiwanja kilichokuwa cha familia moja. Wenzetu wanarudi kwenye nyumba ambayo sisi hatukuwahi kuiacha. Kuhusu kelele na magari, hayo yana sheria ndogo zake, nazo zinapaswa kumfuata anayepiga muziki usiku, awe mpangaji wa chumba au mwenye jumba la kifahari. Hadhi ya mtaa haiwezi kuwa sababu ya kisheria ya kumnyima mfanyakazi makazi karibu na kazi yake, hasa tukijua kipimo cha hadhi hiyo kilitoka wapi.

Pingamizi la nne ni la wapangaji wenyewe, na mimi naliheshimu kuliko yote. Wanasema: mnampa mwenye nyumba uhalali, naye tayari ana nguvu kupita kiasi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mabaraza yake yakaenda nayo. Leo mpangaji anadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja juu yake, na anaweza kuambiwa ahame kwa sababu amenunua friji. Ni malalamiko ya kweli. Lakini mpangaji wa nyumba isiyotambuliwa ana nguvu ndogo zaidi, kwa kuwa chumba chake hakipo kwenye karatasi yoyote anayoweza kuitumia kudai haki yake. Kwa hiyo utambuzi ninaoupendekeza uwe wa pande mbili: mwenye nyumba apate cheti chepesi cha kupangisha, na sharti la cheti hicho liwe mkataba wa maandishi, wa Kiswahili, unaotaja kodi, muda wa notisi, mgawanyo wa umeme na maji, na malipo ya mapema yasiyozidi kiwango kitakachowekwa. Atakayelivunja sharti hilo apoteze unafuu wa utaratibu huo.

Kwa muhtasari, ninaomba mambo manne. Kanuni za matumizi ya ardhi ziiandike nyumba ya mwenye nyumba na wapangaji kuwa daraja la makazi linaloruhusiwa katika ujazo wote. Vibali vya nyongeza vipimwe kwa choo, njia ya gari la zimamoto na la maji taka, sehemu ya kiwanja iliyoachwa wazi, dirisha kwa kila chumba, na uimara wa jengo. Uandikishaji ufanyike ofisi ya mtaa kwa ada ambayo mtu wa kipato cha chini anaweza kuilipa, kama mradi wa leseni za makazi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2004 ulivyoonyesha kwamba nyumba katika mitaa isiyopimwa zinaweza kuorodheshwa moja moja. Na viwanja vipya vipimwe mpangaji akiwa katika hesabu: vidogo, karibu na usafiri wa umma, vyenye mfereji na nafasi ya banda.

Wakati sheria ikisubiriwa, wewe mwenye nyumba usikae kimya. Soma masharti ya hati yako kabla ya kumwita fundi. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uliza kwa maandishi kama vyumba unavyotaka kuongeza viko ndani ya matumizi uliyopewa, na udai jibu la maandishi. Fremu ya duka iombee kubadili matumizi. Jenga choo kabla ya chumba, acha njia pembeni, na andikiana mkataba na kila mpangaji. Nanyi madiwani na wataalamu, maombi hayo yakifika mezani kwenu, yajibuni kwa kipimo kinachojulikana na kila mtu. Jiji hili limejengwa na watu waliogawana paa na wapangaji wao. Wanastahili kutajwa katika sheria ya jiji walilolijenga.